Mtoto Aliyekataa Majina

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, Amongin alifungua kufuli mbili za kemisti ya mzee Alinga pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, akasukuma mlango wa bati, akachukua kitambaa na kuanza kupangusa kioo cha kaunta. Kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani, kama kila Jumatatu. Wikendi malori hukwama foleni kutoka geti la mpaka hadi nje kabisa ya mji, na dereva aliyekalia kiti kimoja siku mbili mgongo humsumbua. Kwa hiyo Jumatatu pumzi huwa nyingi. Amongin alimaliza kioo, akafungua mlango wa nyuma, akazisukuma kwa ufagio zile zilizolala sakafuni mpaka zikatoka uani. Kisha akawasha redio.

Kwa asiyezijua, pumzi hizo ni zile ambazo watu walipaswa kuvuta na hawakuvuta. Kuna tembe kali za maumivu, zenye dawa mbili ndani ya tembe moja. Mtu akizimeza mgongo hutulia, jino hutulia, kidonda hutulia. Akizidisha, kifua nacho hutulia. Kifua kikitulia kupita kiasi huruka pumzi, moja hapa, moja pale, na mwenyewe amelala hana habari. Sasa pumzi iliyorukwa iende wapi? Kwa mwenyewe haiwezi kukaa, maana hakuivuta. Basi hurudi pale tembe ilipokatwa. Ndivyo mambo yalivyokuwa tangu Amongin aanze kazi hapo, miaka kumi na mmoja iliyopita, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kwingine ni tofauti.

Zilikuja na harufu za wenyewe. Nyingine zilinuka dizeli, nyingine miraa, nyingine omena, dagaa wa Port Victoria waliokaa juani. Zilijibanza chini ya kaunta hadi adhuhuri, zikachakaa, zikaisha. Mara chache pumzi za mtu mmoja zilifululiza siku mbili tatu, kisha zikakatika ghafla, na wiki hiyohiyo Amongin alisikia kuna matanga mahali. Alikuwa akisema pole na kuendelea na kazi.

Mwenye kemisti, mzee Alinga, cheti chake kilikuwa ukutani Malaba na yeye mwenyewe alikuwa Busia. Alikuja mara moja kwa mwezi. Kuhusu pumzi alikuwa na neno moja tu, kioo kipanguswe, wateja waone bidhaa. Mwaka jana mkaguzi mmoja alipita, akakisoma cheti, akauliza ni nani anayepumua nyuma ya kaunta. Akaambiwa ni wateja. Akaandika kwamba chumba hakina hewa ya kutosha, akapendekeza dirisha. Dirisha lenyewe halijatobolewa hadi leo.

Kazi ya Amongin ilikuwa makasi. Tembe zilifika katika boksi la mia, karatasi za tembe kumi kumi, na juu yake karatasi moja ya maelezo iliyokunjwa mara nane. Nani Malaba hununua boksi zima? Watu hununua mbili, nne, sita. Kwa hiyo Amongin alikata, akatia kwenye bahasha ya kaki, akaandika kwa kalamu 2x3, basi. Ile karatasi ya maelezo ilibaki dukani. Zikifika ishirini thelathini alimpa Eucabeth, mama aliyeuza njugu za kukaanga hapo nje, azitumie kufungia. Tuseme ukweli, maonyo ya dawa hiyo yalisambaa Malaba nzima, ila yalisambaa na njugu.

"Madam, uko na ile kali?" Dereva wa kwanza alikuwa ameegemea kaunta kwa viwiko, kiuno hakinyooki.

"Ya mgongo?"

"Mgongo. Niko kwa hii foleni tangu Ijumaa."

"Nikukatie ngapi?"

"Nne. Hapana, kata sita, Kampala ni mbali."

Amongin akakata sita. "Usikunywe na pombe," akasema, kwa kuwa aliyemtangulia kazini alikuwa akisema hivyo. "Na ukisikia usingizi, simama kando."

"Nisimame wapi na nyuma yangu kuna trela mia?" Dereva akacheka, akameza mbili hapohapo bila maji, akaenda zake.

Alipoinama kurudisha boksi, Amongin aliona pumzi nyingine karibu na katoni ya glavu. Hizi zilikuwa ndogo, moja haifiki kujaza kijiko cha chai. Hazikunuka dizeli wala miraa, zilinuka maziwa. Akakumbuka kwamba duka la jirani lina paka aliyezaa. Watu hununua dawa wakawapa hata mifugo, akajiambia, akazifagia na zile nyingine.

Hakuwa na nafasi ya kuwaza zaidi, kwa sababu wiki hiyo alikuwa na mjukuu. Linet, mtoto wake wa pekee, alikuwa amejifungua kwa upasuaji siku kumi na mbili zilizopita, akapata msichana. Amongin alimlea Linet peke yake, kwa jasho lake, tangu akiwa na miaka minne. Alipomwona mjukuu alihisi kwamba kazi yote ile ilikuwa na maana, akalia mbele ya manesi bila haya. Sasa Linet na mtoto walikuwa kwake, nyumba ya vyumba viwili karibu na reli, na Collins, mumewe, tanboi, yaani utingo, wa lori la kwenda Kampala, alikuwa akipita kila safari kuwaona.

Hospitali ilimpa Linet dawa za siku tano. Zikaisha na kidonda hakijaisha. Alikuwa hawezi kugeuka kitandani bila kuuma meno. Ni Amongin aliyemletea zile kali. Alimkatia kumi kwa mkono wake, akaandika 2x3 kwenye bahasha, na mwandiko ulikuwa mzuri kuliko wa wateja, kwa kuwa ni mtoto wake. Zilipoisha akamkatia nyingine.

Collins naye, mkwe mwenye moyo, aliporudi kutoka Kampala alileta dawa ya upande wa pili. Tembe ndefu, za manjano, jina jingine kabisa. Pale mpakani watu wana imani yao kuhusu dawa. Wanasema ya Kenya hushika juu na ya Uganda huingia ndani, kwa hiyo mwenye maumivu ya kweli humeza zote mbili, zisaidiane. Hakuna anayejua nani alianza kusema hivyo. Ndani ya zile tembe mlikuwa na dawa zilezile mbili, kwa kipimo kilekile. Majina yalikuwa mawili kwa sababu nchi ni mbili.

Linet akameza mbili za Kenya na mbili za Uganda, asubuhi, mchana na jioni. Maumivu yakakaa kimya. Akatabasamu, akalala usingizi mzito, na mtoto akalala pia. Majirani waliokuja kumwona walisimama mlangoni wakasifu.

"Huyu mtoto ni mpole jamani."

"Halii hata akilowa."

"Linet, umepata bahati. Wangu aliniamsha mwaka mzima."

Jumamosi iliyotangulia Jumatatu hiyo ilikuwa siku ya kumpa jina. Collins alikuwa mtu wa Namboboto na watu wake walisema wao watatoa jina lao baadaye, kwanza upande wa mama utoe lake. Kwa hiyo shangazi yake Amongin, bibi Aguti, alikuja kutoka Chakol na kibuyu kidogo cha ajon, pombe ya wimbi. Kwa Wateso jina halichaguliwi na watu wazima. Bibi huchovya kidole kwenye ajon, akakiweka kwenye mdomo wa mtoto, akataja majina ya ukoo moja moja. Mtoto akinyonya kidole kwa jina fulani, ndilo hilo. Aguti alikuwa ametaja majina ya watoto sitini katika maisha yake, na hakuna aliyewahi kumchukua zaidi ya majina saba.

Alikaa kwenye kigoda, mtoto mapajani, akachovya. "Apolot," akasema. Mtoto alilala. "Amoit." Mtoto alilala. "Akurut. Anyait. Asekenye." Ajon ilichuruzika kidevuni, Amongin akaipangusa kwa kona ya leso. Aguti alitaja marehemu wote wa upande wa baba yake Amongin, akataja wa upande wa mama, akarudia wale wenye hasira ambao hutaka kubembelezwa. Majina ishirini na matatu. Mdomo wa mtoto ulibaki wazi kidogo, kidole kikiwa ndani, haukufunga.

"Huyu anachagua," Aguti akasema mwishowe, na watu wakacheka. Mmoja alisema huyo atakuwa mkubwa serikalini.

Aguti hakucheka sana. Alifuta kidole, akafikiri. "Kuna marehemu anayemtaka, na sisi tumemsahau. Nipeni siku tatu nne. Nitauliza Chakol, nivuke hadi Tororo, upande wa Uganda, kwa wazee wetu wa huko, nikusanye waliosahaulika." Kila mtu aliona ni maneno ya busara. Hakuna aliyesema mtoto apelekwe hospitali, maana mtoto aliyekataa jina hapelekwi hospitali, hutafutiwa jina. Hata Amongin, aliyeshinda kati ya dawa siku sita kwa wiki, ndivyo alivyofikiri, na ndicho kitu ambacho hatajisamehe.

Jumanne pumzi ndogo zilikuwa zimeongezeka. Zilijaza nyuma ya katoni ya glavu na kuanza kupanda rafu ya kwanza. Amongin alienda kumuuliza wa duka la jirani kama paka wake ni mgonjwa. Akaambiwa paka hajambo, yuko juu ya paa. Akarudi, akazifagia tena.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya reli, Aguti alipiga simu kutoka Tororo. Amongin akaweka simu sikioni mwa mtoto, sauti ikiwa wazi, akachovya kidole mwenyewe kwenye kile kibuyu. Aguti akataja majina sita aliyopewa na wazee wa huko, polepole, akingoja baada ya kila moja. Sauti yake ilikwaruza kwa sababu mtandao ulikuwa ukiruka kutoka nchi moja hadi nyingine.

"Amenyonya?"

"Hajanyonya."

"Basi kesho naenda kwa bibi mmoja mzee zaidi," Aguti akasema, akakata simu.

Linet alikuwa ameegemea ukuta, macho yamelegea. "Mama, hata titi hajanyonya vizuri leo. Analiweka tu mdomoni anasinzia. Limejaa mpaka linauma."

"Likiuma meza mbili," Amongin akamwambia.

Jumatano saa nne hivi, wateja wakiwa wamepungua, Amongin alihisi njaa, akatoka kununua njugu kwa Eucabeth. Alizila akiwa amesimama nyuma ya kaunta. Pumzi ndogo zilikuwa zimefika rafu ya pili, zimebanana, na mpya iliingia kila baada ya kitambo, ikapita kando ya goti lake. Njugu zilipoisha alikunjua ile karatasi afute mafuta mkononi, akaona imeandikwa. Upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kiswahili, kwa kuwa waliotengeneza dawa walijitahidi. Herufi zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa. Aliitambua picha ya boksi. Katika miaka kumi na mmoja hakuwahi kuikunjua hata moja.

Akasoma. Dawa hii ina parasetamoli na kodeini. Usiimeze pamoja na dawa nyingine yenye parasetamoli au kodeini, hata kama ina jina jingine. Usizidishe tembe nane kwa siku. Usitumie zaidi ya siku tatu bila ushauri wa daktari. Usitumie ikiwa unanyonyesha, kwa sababu dawa hupita katika maziwa. Mtoto akilala kuliko kawaida, akishindwa kunyonya, au akipumua kwa shida au polepole, mpeleke hospitali mara moja.

Akasoma tena mstari wa mwisho. Kisha akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya kaunta na kunusa. Maziwa, na chini ya maziwa ile sabuni ya kipande aliyofulia nepi yeye mwenyewe Jumapili. Alikaa pale kwa magoti muda ambao mtu hutumia kusema baba yetu uliye mbinguni. Alikuwa amezifagia siku mbili, akazitoa uani kwa kuku wa watu.

Aliacha mlango wazi. Bodaboda alimfikisha nyumbani kwa dakika saba. Linet alikuwa amelala chali na mtoto kifuani, wote wawili wametulia vizuri, na midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya jivu. Amongin alimchukua mtoto, akatia mkobani dawa zilizokuwa kando ya mto, akamvuta Linet mkono mpaka akasimama, wakapanda bodaboda hiyohiyo watatu. Njiani alikuwa na kiganja mbele ya pua ya mtoto. Akahisi moja. Akahisi nyingine walipopita kanisani. Walipofika hospitali alikuwa hajahisi nyingine.

Walimfanyia kila kitu walichokuwa nacho. Nesi alitoka, akauliza mama alikuwa akimeza nini. Amongin akatoa dawa zote mbili kwenye mkoba, ya Kenya na ya Uganda, akaziweka mezani. Nesi akazisogeza zikawa sambamba, akasoma mgongo wa moja, akasoma mgongo wa nyingine.

"Hii na hii ni kitu kimoja," akasema. "Alikuwa anameza ngapi kwa siku?"

"Kumi na mbili."

"Nani alimuuzia?"

"Mimi. Mimi ndiye mamake."

"Hamkusoma karatasi?"

"Karatasi hukaa na boksi."

Nesi akatikisa kichwa kukubali, maana yeye pia hununua za kukata akiumwa na kichwa. Wakampima Linet damu, wakasema ini lake limevumilia, aache dawa zote. Mtoto alikufa saa sita kasorobo. Ilibidi iandikwe fomu, na nesi akauliza jina la marehemu.

"Hana," Amongin akasema.

Nesi akaandika, Mtoto wa Linet.

Walimzika Alhamisi, Chakol, kando ya nyumba ya Aguti. Collins hakuwahi, alikuwa amekwama foleni upande wa Uganda. Aguti aliteremka kutoka Tororo kaburi likiwa tayari limefunikwa. Alikuwa na karatasi yenye majina kumi na moja yaliyosahaulika. Alisimama kidogo, akaikunja, akaitia mfukoni.

Jumatatu iliyofuata mzee Alinga alipiga simu kutoa pole. Alisema kifo ni mapenzi ya Mungu, akauliza kemisti itafunguliwa saa ngapi. Amongin akafungua. Pumzi za madereva za wiki iliyopita zote zilikuwa zimeisha. Zile ndogo zilikuwepo bado, rafu mbili nzima, hazijachakaa hata kidogo. Pumzi ya mtu mwenye jina ikizeeka hujua inarudi kwa nani. Hizi hazikuwa na pa kurudi. Amongin alizikusanya kwa mikono, akaziweka kwenye katoni tupu, akatandika pamba chini yake. Kila alipokosa mteja alifunua kifuniko na kunusa, na moyo wake ulitulia kidogo. Aliona haya kwamba ulitulia, lakini ulitulia.

Jumanne Aguti akaja dukani na ajon kwenye chupa ya soda. Alikuwa amesikia habari za katoni. Alisema tu kwamba kazi iliyoanzwa humalizwa. Akaomba katoni iwekwe juu ya kaunta. Dereva mmoja aliyekuja na shavu limevimba akavua kofia, akasimama pembeni angoje zamu yake.

Aguti akachovya kidole, akakiingiza kwenye katoni, akataja yale kumi na moja. Baada ya kila jina alitoa kidole, akakitazama. Kilikuwa kimelowa vilevile. Alipomaliza alikuwa amechoka. Akachovya mara nyingine bila jina lolote la kutaja, akaegemea kaunta.

"Amongin," akasema, "hebu nipe kiti."

Katoni ilivuta. Ilisikika mpaka kwa dereva, sauti ndogo ya kunyonya, kama ya mtoto aliyelala njaa muda mrefu. Aguti akatoa kidole. Kilikuwa kikavu hadi kwenye kucha.

"Ni lako," akasema. "Alitaka lako. Na sisi tulikuwa tunazunguka na wafu tu, wewe umesimama hapo unampangusa kidevu."

"Hongera, mama," dereva akasema, kwa kuwa ndivyo husemwa mtoto akipata jina. Kisha akaomba nne za jino.

Kufikia adhuhuri katoni ilikuwa na pamba tu. Walikuwa wamezipa pumzi jina na kwa jina hilo zikapata njia. Amongin alijifungia nyuma, akalia mpaka akakosa sauti, kwa sababu angalau kwa siku moja alikuwa na kitu chake ndani ya katoni, na sasa hakuwa nacho.

Tangu siku hiyo aliamua kusoma. Kila aliyekuja kukatiwa alisomewa ile karatasi kwa sauti, yote, Kiswahili chake, na wanawake wenye watoto aliwasomea mara mbili. Watu walimsikiliza kwa heshima. Wengi walisema, sawa mama, nimesikia, nikatie nne. Wengine walitazama foleni ikisogea, wakaenda kemisti ya pili, ambako hakuna kusomewa. Alipokataa kumkatia mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, yule mama alimwambia bila ubaya kwamba amepita maduka saba kabla ya hapo na hajawahi kusomewa karatasi. Siku ya tisa mzee Alinga akapiga simu.

"Amongin, nasikia umegeuza kemisti yangu darasa."

"Watu hawajui, mzee. Mimi sikujua."

"Mimi nakuelewa, una uchungu. Lakini karatasi ni ya boksi. Mtu akinunua boksi, mpe. Akinunua nne, mpe nne." Akaongeza kwamba kuna msichana wa Busia anayetafuta kazi, si kwa ubaya, ajue tu.

Lakini kilichomshinda Amongin si Alinga. Kilichomshinda ni Linet. Maziwa yalikuwa bado yakija na hayakuwa na wa kuyanyonya, matiti yalikuwa magumu kama mawe, kidonda kilikuwa kikiwaka, na juu ya hayo yote kulikuwa na lile jambo lenyewe, ambalo halina mahali linapouma. Linet alikuwa akitoka jasho na kutetemeka. Alikuwa amezoea kutulia, na sasa hakuweza kutulia bila kitu.

"Mama, nikatie mbili tu. Sinyonyeshi mtu tena."

"Walisema uache."

"Mbili tu, mama. Nilale."

Amongin alikataa siku moja, akakataa ya pili. Ya tatu aliporudi jioni alimkuta Linet ametulia, anatabasamu, bahasha ya kaki iko chini ya mto. Haikuwa na mwandiko wake. Ilitoka kemisti ya pili, na chini yake kulikuwa na zile ndefu za manjano. Collins alikuwa amepita.

Hapo ndipo Amongin alipokaa kitandani, akafikiri kwa makini. Linet angemeza, hilo lilikuwa wazi. Akimeza za kemisti ya pili, pumzi zake zitaenda kemisti ya pili, na za manjano zitavuka mpaka kabisa. Huko hakuna anayeijua harufu ya Linet. Watamfagia asubuhi pamoja na madereva, wamtoe uani. Mama mtu angejuaje kwamba mtoto wake amepungukiwa pumzi? Aliliwaza jambo hilo kutoka kila upande na hakuona njia nyingine.

Kesho yake alimkatia Linet mbili mwenyewe, kwenye kaunta yake. Akamtaka aahidi kutomeza za mahali pengine popote, na Linet, kwa kuwa ni mtoto mtiifu, akatimiza.

Siku hizi Amongin anafungua kemisti kabla ya wengine. Hawashi redio. Anapiga magoti nyuma ya kaunta akiwa bado na mkoba begani, anazipekua pumzi moja moja, anatenga za Linet, anazihesabu, na anangoja kuona ni muda gani unapita kati ya moja na nyingine. Zikiwa chini ya kumi anasimama, anaanza kazi. Zikizidi kumi anapiga simu. Simu inaita sana. Kisha Linet anapokea, kwa sauti ya mtu aliye mbali, anasema, "Niko, mama. Leo uniletee sita."

Na Amongin anakata sita.